Msiwape watoto Mwalimu wa dakika tatu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika safu ya barua za wasomaji. Mimi si mwandishi. Nilianza kazi ya utingo nikiwa kijana wa miaka 17, nikaja kuwa dereva, miguu ilipogoma nikalinda gereji, na sasa ni babu wa kupeleka wajukuu shule hapa Mabatini, Mwanza. Lakini kuna jambo limenikwama kooni tangu tarehe 14 Oktoba, nami naona nikilimeza litanipalia.

Siku hiyo wazazi tulialikwa kwenye shule anayosoma mjukuu wangu kuadhimisha kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere. Shule siitaji, walimu wake ni watu wema na uji wao niliunywa vikombe viwili. Mjukuu wangu, ana miaka 11, ndiye aliyepewa kuwa Mwalimu. Walimchora masharubu kwa masizi, wakampa fimbo. Mtoto mwingine akafungwa mto tumboni, huyo akawa Idi Amin, yule mtawala wa Uganda. Amin akatembea huku na huku akibweka, watu wakacheka. Kisha Mwalimu akanyoosha fimbo: "Uwezo wa kumpiga tunao! Sababu ya kumpiga tunayo! Na nia ya kumpiga tunayo!" Amin akaanguka chali, mto ukachomoka, makofi yakapigwa. Nilitazama saa: dakika tatu.

Tulipokuwa tunarudi mtoto akaniuliza, "Babu, vita vile vilichukua siku nzima au vilikwisha kabla ya mchana?"

Sikumcheka. Angejuaje? Na wewe Mhariri, ukurasa wenu wa watoto wiki ile nao uliweka picha ya fimbo na maneno yale yale matatu, basi. Ndiyo maana nakuandikia. Mnawapa watoto rais wa vita asiye na vita. Wanamkariri kama jedwali la kuzidisha.

Vita vile, vya Kagera kati yetu na Uganda ya Amin, vilichukua miezi saba. Mimi nilikuwemo, kwa namna yangu ya chini kabisa, nyuma ya lori juu ya magunia. Ngoja nieleze mambo ambayo mtoto angefaa kuambiwa, halafu wenye kalamu nzuri mtayaweka sawa.

Kwanza, huyu mzee wa fimbo aliwahi kuwa mtoto aliyechelewa shule. Alizaliwa Butiama mwaka 1922, baba yake Burito akiwa mtemi wa Wazanaki, mama yake Mgaya akiwa mmoja wa wake wengi wa mtemi. Akachunga mbuzi. Darasa la kwanza aliliona mwaka 1934, Mwisenge kule Musoma, ana miaka 12. Mjukuu wangu wa miaka 11 aliposikia hivyo alinyamaza muda mrefu. Nadhani alikuwa anapiga hesabu kwamba yeye yuko mbele. Baada ya hapo Tabora, Makerere, Edinburgh, ualimu pale Pugu. Hayo vitabu vya shule vinayo, nayapita.

Jambo la pili halimo kabisa katika michezo ya shule, na mimi naliona ndilo mzizi. Januari 1964 jeshi lenyewe lilimwasi. Askari wa kambi ya Colito, ambayo leo ni Lugalo, walitoka barabarani Dar es Salaam, na Rais akabidi afichwe. Akalazimika kuwaomba Waingereza, wale wale tuliokuwa tumewaaga miaka miwili tu iliyopita, waje kuwanyang'anya silaha askari wake. Aibu gani kwa mtu mzima! Hakuificha, aliiita aibu ya taifa. Jeshi la zamani likavunjwa, na tarehe 1 Septemba 1964 ikaanzishwa JWTZ, Jeshi la Wananchi wa Tanzania, jeshi la vijana walioandikishwa upya. Sasa mwambie mtoto: yule aliyewahi kujificha kwa kuogopa bunduki za nchi yake, miaka 14 baadaye ndiye aliyesimama akasema uwezo wa kumpiga tunao. Hapo neno "uwezo" linapata nyama. Alikuwa anajua kutokuwa nao kunafananaje.

Amin naye msimfanye kikaragosi cha mto tumboni. Najua alikuwa na vituko, aliwahi hata kumwita Mwalimu waingie ulingoni wapigane ngumi na Muhammad Ali awe refa. Watu walicheka. Lakini Uganda watu hawakuwa wanacheka. Alichukua nchi kwa mtutu Januari 1971, Mwalimu akakataa kumtambua na akampa Obote, rais aliyepinduliwa, hifadhi hapa kwetu. Septemba 1972 wafuasi wa Obote walivuka kutoka Tanzania kwenda kumng'oa, wakashindwa vibaya, naye Amin akajibu kwa ndege kushambulia Bukoba. Hilo nalo mtoto aambiwe, kwamba ugomvi ule haukuanza asubuhi moja na kwamba upande wetu pia palikuwa na mkono. Kumficha mtoto kipande hicho ni kumfanya aje kukisikia kwa mtu mwingine, kisha asituamini tena.

Twende 1978. Tarehe 30 Oktoba majeshi ya Amin yalivuka mpaka kwa nguvu, yakashika eneo lote la kaskazini ya Mto Kagera, zaidi ya kilomita za mraba 1,800. Wakaua, wakachoma, wakabeba ng'ombe, wakabeba mabati. Tarehe 1 Novemba Amin akatangaza kwamba eneo hilo sasa ni la Uganda. Tarehe 2 ndipo tukamsikia Mwalimu redioni.

Siku hizo tatu nne ndizo ningewapa watoto, si fimbo. Sisi Mwanza tulikuwa tunasikia habari kwa abiria waliokuja na meli kutoka Bukoba, watu wenye godoro moja na kuku wawili. Kila mtu anauliza, mbona Rais kimya? Pale gereji palikuwa na fundi mmoja anayejua kila kitu, akasema Mzee ameogopa. Baadaye sana ndipo tulikuja kuelewa kwamba jeshi halikuwa pale. Macho yalikuwa yametazama kusini, Msumbiji na mambo ya Rhodesia. Kagera palikuwa na askari wachache. Huwezi kutoa askari na mizinga Songea kule kusini leo ikawa Kyaka, kwenye Mto Kagera, kesho. Rais anayejua kuwa watu wake wanauawa na hana cha kuwapelekea kwa wiki kadhaa, usiku analalaje? Hilo ndilo swali la kumuuliza mtoto wa darasa la tano. Mjukuu wangu nilipomuuliza alisema, "Mimi ningeenda mwenyewe." Jibu zuri, ila lingetupa rais marehemu.

Hotuba yenyewe niliisikia nikiwa chini ya lori, napaka grisi. Tajiri wangu alikuwa ameweka redio juu ya boneti. Fundi yule anayejua kila kitu akazima jiko la mchomeleo. Nakumbuka sauti ile nyembamba, haikupanda kama ya watoto wa mchezoni. Ilikuwa kama ya mwalimu anayefanya hesabu ubaoni: hiki tunacho, hiki tunacho, na hiki tunacho. Ilipokwisha hakuna aliyepiga makofi. Fundi akasema tu, "Haya."

Wiki haikupita magari yakaanza kuchukuliwa. Waziri Mkuu Sokoine alikuwa ameagiza mikoa ikusanye kila kinachoweza kusaidia vita, na lori la tajiri wangu, lenye bodi jipya la mbao alilolipia mwezi mmoja kabla, likaandikwa chaki ubavuni. Dereva akaambiwa atakwenda nalo. Dereva akanitazama. Utingo haandikwi chaki, lakini lori haliendi bila utingo. Nikapanda.

Tulipakia unga, maharage, chumvi na mapipa ya dizeli. Tukavuka kwa pantoni Busisi, tukashika Geita, Biharamulo, Muleba, Bukoba. Leo kijana anasoma majina hayo kwa dakika moja. Sisi tuliyasoma kwa siku sita. Ilikuwa Novemba, mvua inamwagika, barabara ni ya udongo. Msafara wa malori ya kila aina, ya ushirika, ya pamba, ya Wahindi, ya misheni, moja lina maandishi ya soda, jingine bado lina harufu ya samaki. Likikwama la mbele mmekwama wote. Kazi yangu ilikuwa kabari: gogo la mninga lenye pembe tatu, unaruka na lori likiwa bado linatembea, unalisukumiza nyuma ya tairi lisirudi bondeni. Ukichelewa, lori na shehena na dereva mnavikuta mtoni. Usiku taa tulizifunika kwa magunia, nami natembea mbele na shati jeupe ili dereva aone barabara iko wapi. Vijijini watu walitoka na ndizi za kuchoma, wengine na jembe kuja kutuchimbua. Mama mmoja karibu na Muleba alileta jogoo mmoja, akasema, "Mpeni askari." Askari yupi? "Yeyote." Jogoo huyo alisafiri na sisi hadi Kyaka, na kwa kweli alifika. Kama alifika mikononi mwa askari yeyote siwezi kuapa, dereva wangu alikuwa mtu wa njaa.

Kwa hiyo mimi nikisikia "uwezo tunao" sioni fimbo. Naona yule jogoo, na tope, na malori yasiyokuwa ya jeshi. Mwalimu alisema tunao, halafu sisi tukatumwa kwenda kuutafuta.

Pale Kyaka daraja lilikuwa limelala mtoni. Waganda walilijaribu kwa ndege likawashinda, tarehe 3 Novemba wakalilipua kwa baruti ili jeshi letu lisivuke. Wanajeshi wetu walikuwa wanaunga la muda, la vyuma, kipande kwa kipande. Ng'ambo kule kulikuwa kimya. Baadaye nilivuka mara moja tu kupeleka unga, nikaona nyumba zisizo na mapaa, migomba imekatwa, mbwa wengi. Zaidi ya hapo sitasimulia, barua hii huenda ikasomwa na watoto. Lakini kwamba watu waliuawa mamia kwa mamia na maelfu wakakimbia, hilo liandikwe wazi. Mkoa wenyewe wakati ule uliitwa Ziwa Magharibi. Jina la Kagera ulipewa baada ya vita. Mtoto wa Bukoba anayeandika "Mkoa wa Kagera" juu ya daftari lake anaandika vita bila kujua.

Mapigano yenyewe wapo wanaoyajua kuliko mimi. Mutukula ilichukuliwa Januari 1979, Masaka na Mbarara Februari, Lukaya Machi tulipokutana na Walibya waliotumwa na Gaddafi, Kampala tarehe 11 Aprili, na tarehe 3 Juni yakaisha. Amin akakimbilia Libya, akaishia Saudia, akafia huko mwaka 2003 kitandani. Majenerali kama Msuguri na Mayunga wana haki ya kurasa zao.

Ila kisa kimoja watoto hawasimuliwi, na hapa Mwanza ni dhambi. Mwishoni mwa Machi 1979, mimi nimeshateremka kutoka Bukoba nasubiri springi za lori, ndege ya Libya ilikuja kupiga mji wetu. Inasemekana ilitaka matangi ya mafuta. Ikakosa. Mabomu yaliangukia kisiwa cha Saanane, hifadhini, yakaua swala. Ile ni siku niliyomwona fundi anayejua kila kitu amelala kifudifudi chini ya meza. Mjukuu wangu amekwenda Saanane na shule mara mbili, amepiga picha na jiwe, wala hakuna aliyemwambia kwamba vita vilifika pale.

Jambo jingine ambalo watoto wasinyimwe hata kidogo: je, Mwalimu alikuwa na haki ya kuvuka mpaka? Kumtoa adui kwako ni jambo moja. Kwenda hadi ikulu yake ni jingine. Umoja wa Nchi Huru za Afrika haukumlaani Amin alipovamia, ukataka tukae mezani. Mwalimu akagoma kukaa na mwizi huku mwizi hajalaaniwa. Lakini Kampala ilipoanguka, kwenye mkutano wa Monrovia Julai 1979 ni yeye aliyekaangwa na baadhi ya marais wenzake kwa kumng'oa rais wa nchi nyingine. Mimi nasimama na Mwalimu, nilikiona kijiji kisicho na mapaa. Hata hivyo mwalimu wa darasa awaache watoto wabishane. Yeye mwenyewe alikuwa mtu wa kubishana. Mtu aliyemtafsiri Shakespeare kwa Kiswahili akiwa ikulu hawezi kuogopa hoja ya mtoto wa darasa la tano.

Sasa nafika kwenye bili, maana tajiri wangu alinifundisha kwamba safari haijaisha mpaka hesabu ipigwe. Lori lilirudi Agosti. Bodi jipya halikuwepo, mbao ziligeuka kuni mahali fulani. Chesesi imepinda, spea tairi hakuna, kioo kimoja ni gunia. Tajiri alilizunguka mara mbili, hakusema kitu, akaingia ndani. Nchi nayo ilirudi hivyo hivyo. Hesabu inayotajwa sana ni dola za Marekani milioni 500, kwa nchi iliyokuwa inahesabu hata misumari. Mwalimu akatuambia tufunge mikanda kwa miezi 18.

Mhariri, mtoto akikuuliza miezi 18 ni mingapi mwambie ni miaka mingi. Nilioa katikati ya miezi hiyo. Zawadi iliyosifiwa kuliko zote harusini ilikuwa mche mzima wa sabuni. Tulipanga foleni ya sukari kwa kuweka mawe, kila mtu na jiwe lake, halafu ukirudi unakuta mawe yameongezeka. Tulikula unga wa Yanga, ule wa mahindi ya njano, na mimi ni mtu wa Simba. Wanauchumi watasema si vita peke yake, kuna mafuta yaliyopanda bei, kuna Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyovunjika 1977, kuna ukame, kuna mashirika ya umma yaliyokula zaidi ya yalivyozalisha, na vijiji tulivyohamishiwa kwa nguvu. Sawa, nakubali yote, na mengine alikosea yeye. Ninachosema ni kwamba Rais alitangaza vita kwa sauti, na gharama yake akaitangaza kwa sauti ile ile. Miezi ilimshinda kuhesabu. Kuisema hakukumshinda.

Mwaka 1985 akang'atuka, akarudi Butiama kulima na kucheza bao. Jeshi, lile lile la 1964 lililoanza upya, likamjengea nyumba kijijini kwake. Hakuikalia sana, tarehe 14 Oktoba 1999 akafariki London.

Ombi langu ni dogo. Ukurasa wenu wa watoto una nafasi ya picha moja kubwa. Mwaka ujao msichore fimbo. Choreni daraja la Kyaka likiwa mtoni na watu wamesimama kando wanatafakari watavukaje. Halafu wekeni anuani, watoto waandike wao wangefanya nini. Na shule za mkoa wa Kagera ziwapeleke watoto Kaboya, kule Muleba, kwenye makaburi ya mashujaa, si tarehe 25 Julai tu wakati wa gwaride, bali siku ya kawaida isiyo na maspika, wasome majina wenyewe kwa sauti.

Mjukuu wangu nimemsimulia haya kwa jioni nne, na jioni ya tano alidai nirudie ya jogoo. Ameniambia mwakani hataki tena kuwa Mwalimu. Anataka mwalimu wao aingize lori kwenye mchezo, na yeye awe utingo. Nimemuuliza lori watalitoa wapi. Amesema madawati mawili na shuka. Kabari ninayo. Iko nyuma ya mlango, bibi yake anazuilia geti.

Wako,
Utingo wa zamani,
Mabatini, Mwanza